Sharti la Saba na Paka Wawili wa Igowole

Wanangu wa Kidato cha Kwanza, shikamoo zenu zimenifikia, naitikia marahaba kutoka hapa Soweto ya Mbeya, nikiwa nimekaa barazani na mguu mmoja juu ya ndoo iliyofunikwa kifudifudi. Goti limegoma. Daktari amesema nisitembee, na mimi, niliyewaambia watoto wa watu "kaa chini" kwa miaka zaidi ya thelathini, sasa ninaambiwa hivyo hivyo na kijana aliyezaliwa wakati nafundisha.

Mwalimu wenu Tupokigwe ni mtoto wa dada yangu. Wiki iliyopita alikuja kunijulia hali, lakini hata kabla hajakaa akaanza kulalamika. "Mjomba, darasa zima wameniletea jibu moja, neno kwa neno! Sijui wamelitoa kwenye simu, sijui wamenakiliana. Naomba yale masharti yako kumi ya darasa la biashara niyabandike mlangoni. Hasa lile la saba, nianze kuwatoa nje."

Nikamwambia masharti nitayaandika, lakini nitawaandikia ninyi, naye atasoma begani kwenu. Karatasi yenyewe ilishaliwa na mchwa. Kichwani bado ipo, ingawa haitoki kwa mpangilio.

Nilitoka chuoni na suruali mbili, koti moja, na karatasi hiyo iliyopigwa chapa. Nikapangiwa shule moja nje kidogo ya Igowole, kule Mufindi, kwenye mashamba ya chai na ukungu unaokaa mpaka saa nne asubuhi. Somo lenyewe siku hizo tuliliita Komesi, nalo lilifundishwa kwa Kiingereza. Watoto waliokuwa wametoka kujifunza kila kitu kwa Kiswahili, na nyumbani wanaongea Kihehe au Kibena, walikutana na mimi Mnyakyusa wa Mbeya nikiwatupia maneno marefu ubaoni. Sasa hivi mna projekta na vitabu vyenye picha za rangi. Sisi tulikuwa na chaki, na chaki yenyewe tulikuwa tunaigawa.

Sharti la kwanza: kengele ikilia mlango unafungwa, aliye nje abaki nje. Nililisimamia wiki mbili kwa ukali sana. Wiki ya tatu nilichelewa mimi, maana kuni zilikuwa mbichi na chai haikuchemka. Nikakuta mlango umefungwa kwa ndani. Nikagonga. Kiranja, msichana mmoja mfupi aitwaye Kristina, akachungulia dirishani akasema kwa heshima zote, "Shikamoo mwalimu. Sharti la kwanza." Manyunyu yakanipiga pale nje, daftari la mahudhurio kichwani, wao wakijadiliana ndani. Walipofungua nikacheka nao, na tangu siku hiyo mlango wangu uliegeshwa tu.

La pili lilisema swali lolote liulizwe, hakuna swali la kijinga. Hili sikuwahi kulijutia. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimehamishiwa Rujewa, nilikuwa naeleza mtaji ni nini, kijana wa Kisangu akanyoosha mkono: "Mwalimu, ng'ombe wa baba ni mtaji au ni ndugu?" Darasa likaangua kicheko. Mimi nikafuta ubao, tukaongea kuhusu hilo swali kipindi kizima, na sidhani kama tulilimaliza. Mkiwa na swali kama hilo msilifiche.

La nne ndilo nililolipenda kuliko yote, na ninawaomba mlichukue. Kila Jumatatu kila mwanafunzi aje na kitu kimoja kilichotumika kwao wiki hiyo, aeleze kilitoka wapi na kimepita mikono ya nani mpaka kumfikia. Chumvi, kiberiti, kipande cha sabuni, ukurasa wa gazeti uliofungia dagaa. Mtaijua biashara kwa njia hiyo kuliko kukariri aina sita za hiki na aina nne za kile. Shika kitu, uliza kimetoka wapi, ukijibiwa uliza tena.

Ila sharti hilo hilo ndilo lililonipasukia. Jumatatu moja msichana aitwaye Editha Mgaya, mwembamba, asiyeongea sana, alikuja na ulanzi kwenye chupa ya plastiki. Ulanzi ni maji matamu yanayogemwa kwenye mianzi, na ule wake ulikuwa umegemwa alfajiri ile ile, bado mtamu, hauleweshi mtu. Mdomoni mwa chupa alikuwa amechomeka gunzi la hindi. Mimi nikakumbuka sharti la tatu, hakuna vinywaji darasani. Nikaichukua chupa, nikatupa lile gunzi nikiona ni uchafu, nikaifunga kwa kizibo changu cha plastiki, nikakikaza hasa.

"Mwalimu, lile gunzi..." akaanza.

"Kaa chini."

Akakaa. Nikaifungia chupa kwenye kabati la ofisi ya walimu, juu ya mitihani ya majaribio. Mchana, tukiwa tunakunywa uji, kabati lilipiga mlio mkubwa mpaka mwalimu wa hesabu akaingia chini ya meza. Ulanzi haufungwi, wanangu, unachachuka na unahitaji kupumua. Mtoto yeyote wa Mufindi anajua hilo kabla hajajua kusoma. Mitihani ililowa yote, ikanuka kilabu kwa wiki mbili.

Mkuu wa shule alikuwa Mama Luvanda, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, Mlutheri wa kwaya. Hakunigombeza. Alisimama akiangalia povu linavyotiririka kwenye rafu, akaniambia, "Mwalimu Asajile, yule mtoto alitaka kukwambia kitu. Ungempa nusu dakika tu." Halafu akanisaidia kuanika karatasi kwenye uzio. Ninamshukuru mpaka leo kwa jinsi alivyonirekebisha bila kunivua nguo mbele ya wenzangu.

Tena ni yeye Mama Luvanda aliyeniambia habari za Editha wiki yangu ya kwanza kazini. "Huyu mtazame vizuri," alisema. "Anaishi na bibi yake, na bibi miguu imeisha. Baba yake mdogo ameshatamka mbele yangu: siku mtoto akirudishwa nyumbani kwa kosa lolote, ndio mwisho, abaki kumtunza bibi. Anatafuta sababu tu." Nikaitikia ndiyo mama, nikaenda zangu, nikasahau.

Sasa tufike kwenye lile la saba. Nililitunga mwenyewe nikiwa chuoni na nilijivunia kila neno: *Atakayenakili kazi ya mwenzake atatoka darasani, na hatarudi mpaka mzazi wake na mwalimu waonane.*

Muhula wa pili tulifika kwenye mada ya kuhifadhi bidhaa. Nikawapa kazi ya nyumbani: eleza ghala la kutunza mahindi ya kijiji, liwe wapi, lijengwe vipi, lilindwe na nani. Madaftari arobaini na moja. Nikafungua la kwanza, kwa Kiingereza cha kuungaunga mtoto ameandika ghala liinuliwe juu ya mawe, mlango uelekee kule mvua isikotokea, mlinzi awe mmoja na paka wawe wawili. Nikacheka peke yangu, nikampa vema. La pili, mawe, mlango, mlinzi mmoja, paka wawili. La tatu, paka wawili. Nilipofika la kumi kicheko kilikuwa kimeisha. Kwenye karatasi zangu zote za mada hiyo hapakuwa na paka hata mmoja.

Kesho yake niliyapanga madaftari mezani. "Hawa paka ni wa nani?"

Kristina akaangalia dari. Editha akaangalia mikono yake.

"Nauliza mara ya mwisho. Nani kaandika, nani kanakili?"

"Tumefanya pamoja, mwalimu," Kristina akasema.

Hilo "pamoja" ndilo nililolisubiri. Nikawatoa nje wote arobaini na mmoja, nikabaki na madawati. Nilijiona mwalimu kweli kweli, mtu wa msimamo.

Wazazi walianza kufika siku iliyofuata. Wengine walikuja na jembe begani, wengine wakitokea moja kwa moja kwenye chai na vikapu mgongoni. Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, hao paka wamekukosea nini?" Siku ya tatu watoto arobaini walikuwa wamerudi. Dawati moja la dirishani lilikuwa na nafasi.

Mama Luvanda aliniita. "Nje wamebaki wangapi?"

"Mmoja tu, mama."

"Nani?"

Nilipotaja jina nilisikia mwenyewe nilichofanya. Akavua miwani, akaifuta kwa kitenge. "Asajile," akasema, na hakuwahi kuniita hivyo bila kuweka mwalimu mbele, "vaa koti."

Nilitembea saa nzima na nusu kwenye tope jekundu, nikiuliza njia kwa kila niliyekutana naye. Nilikuwa na hofu ambayo sikuwahi kuwa nayo hata kwenye mitihani yangu mwenyewe. Nilipofika nilikuta watoto kama kumi wa darasa langu, waliotoka shule kabla yangu kwa njia za mkato, wanapalilia maharage. Wengine walikuwa wanakandika udongo kwenye ghala dogo la mahindi. Ghala limeinuliwa juu ya mawe. Mlango umeelekea kule mvua isikotokea. Juu ya gunia, mlangoni kabisa, paka wawili wamelala.

Madaftari yalikuwa yamefungwa kwenye mfuko wa nailoni, yananing'inia chini ya ukingo wa paa. Watoto waliponiona wote wakasimama na majembe yao, hakuna aliyekimbia.

Bibi alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango wa jiko, miguu imefunikwa blanketi. "Kamwene," akanisalimu.

"Kamwene, bibi," nikajibu, hiyo ndiyo salamu niliyokuwa naijua. "Mimi ndiye mwalimu wa Editha."

"Najua. Wewe wa paka."

Akanipa kigoda. Akanieleza taratibu, na mimi safari hii nikasikiliza. "Hapa kwetu shamba kubwa hulimi peke yako. Tunaita mgowe. Leo watu wote kwangu, kesho wote kwako. Sasa hawa watoto hicho Kiingereza chako kimewashinda, wakaona na somo walilime hivyo hivyo. Wanaenda kwa mmoja, wanamsaidia kazi ya nyumbani kwanza, halafu wanakaa na madaftari, wanabishana. Huyu anajua neno moja, yule anajua lingine. Wiki ile zamu ilikuwa ya Editha, na Editha hawezi kutoka akaniacha. Wakaja hapa. Umewaambia waandike ghala. Ghala waliloliona ni hilo."

Baba mdogo alikuwa pembeni ananoa panga. Karibu yake alisimama mtoto wa miaka kama mitano amevaa sweta la shule la Editha, limemfika miguuni. Nililiona hilo sweta nikajua wameshamtoa shule.

"Mimi nimekuja kumchukua arudi shule," nikasema.

"Sasa mwalimu," baba mdogo akajibu bila kuacha kunoa, "si wewe mwenyewe umemfukuza? Mimi sijamfukuza. Nimesema tu, akirudishwa, basi. Mama yangu huyu anahitaji mtu."

Mbele ya watoto wangu, mbele ya huyo baba mdogo na panga lake, nikasema nimekosea. Nilisema kwa Kiswahili chepesi ili kila mtu aelewe. Niliwaambia niliona majibu yamefanana nikadhani ni wizi, sikuuliza, na wa kulaumiwa ni mimi. Lakini bado nilikuwa mwalimu, na kitu kimoja kilikuwa kinanikereketa. Nikamgeukia Editha, mikono yake imejaa udongo hadi kwenye viwiko.

"Kwa nini paka wawili? Kwa nini si mmoja?"

Nikampa ile nusu dakika. Alihitaji pungufu ya hapo.

"Mwalimu, paka akizaa hatoki kwa watoto wake. Panya hawasubiri mpaka amalize kunyonyesha. Ukiwa na mmoja, hizo wiki mahindi yanaisha. Ndiyo maana paka mbili."

Nimesoma biashara chuoni, wanangu, na nilikuwa na kurasa sita za mada ile. Zilieleza kuta, paa, kufuli, na mlinzi. Hakuna mahali zilipokumbuka kwamba mlinzi naye ataumwa, atafiwa, atazaa. Nikamuuliza na Kristina, akanipa sababu ile ile kwa maneno mengine kabisa. Nikamuuliza wa tatu, akabishana nao wote wawili kwamba mawe yawe marefu zaidi. Kila mmoja alikuwa analijua shamba lake.

"Sawa," baba mdogo akasema, panga limetulia sasa. "Mama atabaki na nani? Mimi nashinda kwenye chai, mke wangu anapita asubuhi tu."

"Jioni sisi tutakuja," Kristina akasema. "Kila siku wawili. Maji, kuni, kila kitu."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Paka mbili," akasema.

"Na hiyo karatasi ya mwalimu?" Baba mdogo hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi. "Imesema mzazi afike shule. Hakuna mzazi aliyefika. Mama hawezi, mimi siendi."

Bibi akamwangalia mjukuu wake. "Inasemaje hasa?"

Editha alikuwa ameikariri. Akaisema yote, mpaka pale penye *mzazi wake na mwalimu waonane.*

"Huyu si mwalimu?" bibi akauliza. "Mimi si mzazi? Basi, tumeonana. Karatasi haikusema nani atembee."

Baba mdogo alisimama, akamvua yule mtoto mdogo sweta, mtoto akalia kwa sauti kubwa, naye akalikung'uta mara mbili na kumrushia Editha. "Tuone mwezi mmoja," akasema.

Mwezi huo ulikwenda zaidi ya miaka mitatu. Wawili wawili walikuja kila jioni, mvua na jua, na hata mimi niliwekwa kwenye zamu. Nilichanja kuni vibaya, bibi akanicheka. Bibi aliishi mpaka akamwona Editha anamaliza kidato cha nne. Mama Luvanda naye alishatangulia. Nawashukuru wote wawili, maana kama si mmoja kunivalisha koti na mwingine kunipa kigoda, ningestaafu nikiwa mtu wa msimamo na mjinga.

Kwa hiyo Tupokigwe, mwanangu, najua unasoma hapa. Majibu kufanana si ushahidi wa kosa. Msimamishe mmoja mmoja, muulize kwa nini, halafu funga mdomo usubiri. Aliyelima atakueleza, na atabishana na wewe. Aliyetoa kwenye simu utamjua mara moja, maana simu haijawahi kuona panya. Huyo mpe kazi upya, ila ndani ya darasa. Na ninyi wanangu, simu mtumie, wenzenu watumieni zaidi, lakini kila mtu aondoke na sababu yake mwenyewe kichwani.

Editha sasa ana ghala lake la mahindi na maharage, njia ya Igowole. Sijamuuliza ana paka wangapi. Alisikia habari za goti langu kwa watu, na wiki mbili zilizopita alishuka basi hapa Mbeya, mama mzima na nywele zimeanza mvi, akapandisha kilima cha Soweto kwa miguu akiuliza nyumba ya mwalimu. Alikuja na chupa ya ulanzi, mdomoni imezibwa kwa gunzi. Nilitaka kuinuka nimpokee.

"Kaa chini, mwalimu," akaniambia.

Nikakaa, na machozi yakanitoka bila aibu, naye akaninyamazia mpaka nikamaliza.

Masharti mengine panga utakavyo, Tupo. La saba liandike kwa herufi kubwa: *Mzazi na mwalimu waonane.* Hapo weka nukta. Usiandike nani atembee.